Maziwa ya Chupa Namba Tatu

Semina ilifanyika Moshi mjini siku mbili, na mwezeshaji alikuwa kijana wa kutoka Dar aliyevaa raba nyeupe katikati ya masika. Alituambia sisi walimu wa darasa la kwanza na la pili kwamba tuache kufundisha kusoma kwa kuimba ba-be-bi mpaka koo zikauke. Mtoto asome habari za vitu anavyoviona, aandike alichokiona kwa macho yake, na hapo hapo atakuwa anajifunza sayansi bila kujua. "Mtoto wa miaka saba tayari ni scientist, walimu wangu," alisema, nasi tuliokuwa na umri wa mama yake tukaandika maneno hayo kwenye madaftari kwa sababu chai ilikuwa haijaletwa.

Mimi nimefundisha miaka ishirini na saba. Semina nimezila mpaka nimeshiba. Kila moja huja na wimbo wake, tunaimba mwaka mmoja, halafu unakuja mwingine unaosema ule wa kwanza ulikuwa makosa. Kwa hiyo nilirudi Masama siku ile nikiwa na mkoba wa semina, kalamu mpya, na nia kamili ya kutofanya lolote.

Aliyenibadilisha ni Aikande. Alikuwa na miaka minane, na darasa la pili alikuwa analirudia. Alilelewa na babu na bibi yake, wanaozungumza Kichagga kuanzia kuku wanapoamka, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya shuleni na ya kanisani tu. Ukurasa wa kitabu aliukariri wote kwa kuwasikia wenzake. Ukimfungulia mwingine, anakusomea ule ule wa jana, kidole kikitembea kwenye mistari isiyohusika. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Efraimu, alishaniambia nimwache asogee hivyo hivyo mpaka la saba, kila darasa lina wake. Mimi maneno hayo huniwasha kama upupu. Mtoto asiyejua kusoma akifika la nne ameshajiona mjinga, na mtu akishajiona mjinga humwondoi huko hata kwa trekta.

Basi nikajaribu wimbo wa yule kijana wa raba nyeupe. Nikawapa watoto kila mmoja daftari dogo, nikawaambia wachague kitu kimoja cha nyumbani, wakiangalie kila siku, waandike sentensi moja ya walichokiona. Siyo ya kitabuni, wala aliyoona jirani. Wengine walichagua kuku, wengine mgomba, mmoja akachagua pikipiki ya baba yake. Aikande alichagua ng'ombe.

Wiki ya kwanza alinichorea tu kwato. Wiki ya pili akanifuata mezani akaniuliza neno kiwele linaandikwaje. Nilimwandikia ubaoni polepole, naye akalinakili huku ametoa ulimi nje. Kesho yake alileta sentensi ya kwanza aliyoitunga maishani mwake: "Ngombe wetu ana chuchu nne." Nilitoka nje ya darasa nikasimama nyuma ya tangi la maji, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili halii mbele ya watoto.

Baada ya hapo hakushikika. Aliandika ng'ombe anakunywa ndoo ngapi, anapenda majani ya mahindi kuliko migomba, anakojoa wapi. Herufi zilijipanga zenyewe kwa sababu sasa alikuwa na la kusema. Kidole chake kikaacha kutangatanga. Mwisho wa mwezi nilimfungulia ukurasa asioujua, akausoma, kwa kukwama hapa na pale, lakini akausoma.

Sasa nije kwenye chupa. Somo la mwezi uliofuata lilikuwa vyakula, na nilitaka watoto waone jambo likitokea, si kulisoma tu. Huku kwetu kila boma lina ng'ombe wa bandani, na mtoto yeyote anajua mtindi, ila hajui maziwa yanakuwaje mtindi. Nikachagua watoto watano, kila mmoja alete maziwa kidogo ya nyumbani. Nikatafuta chupa tano za kioo zenye midomo mipana, zile za siagi ya karanga, tukazibandika namba. Watoto waliziosha kwa sabuni, halafu Salvina, mpishi wetu wa uji, akazisuuza zote kwa maji yanayochemka kutoka sufuria moja. Aikande yake aliiosha mara tatu. Nilimtania kwamba ataimaliza kioo.

Tukachemsha maziwa, yakapoa, kila chupa ikatiwa kijiko kimoja cha mtindi wa jana, tukazipanga kwenye kabati na kuzifunika kanga yangu. Nilifanya ilivyo ada. Mama yangu amefanya hivyo kule Machame tangu sijazaliwa.

Kesho yake saa nne tukafunua. Chupa nne zilikuwa zimeganda vizuri, ukiinamisha haziendi. Ya namba tatu ilikuwa maji maji kama ilivyoingia. Tukasubiri siku nyingine nzima. Bado. Nikawaambia watoto waandike walichokiona, na anayeweza aandike anadhani ni kwa nini.

Wengi waliandika chupa nne zimeganda, moja haijaganda, basi. Mmoja akaandika shetani. Aikande alichelewa kukabidhi, na karatasi yake ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, nimesahihisha herufi tu:

"Chupa namba tatu ni maziwa ya kwetu. Hayakuganda. Jumatatu ng'ombe wetu alivimba chuchu moja. Bwana mifugo alimtia dawa kwenye chuchu. Alisema maziwa tusinywe siku nne. Sisi hatunywi. Tunapeleka kituoni. Mimi nilichota kwenye debe la kupeleka kituoni. Nadhani dawa imezuia mtindi."

Hapa lazima niseme kweli, kwa sababu habari hii haina maana nisipoisema. Nilielewa palepale. Dawa ya kiwele inaua vijidudu vya ugonjwa, na inaua hata vile vinavyogandisha maziwa. Ndiyo sababu maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa humwagwa. Mtu akiyanywa siku kwa siku anajilisha dawa asiyoandikiwa, na siku akiugua kweli dawa hiyo hiyo inaweza kumkatalia. Na nilijua debe hilo ni la nani. Babu yake Aikande ni Mzee Ndelilio, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi cha kituo cha maziwa kwa miaka kumi na mmoja, mtu aliyewahi kumsimamisha mwanachama mwenzake Odilia mbele ya mkutano na kumfungia kuuza miezi mitatu kwa kuongeza maji kwenye maziwa. Nilijua yote hayo.

Lakini nilichokiona kwenye karatasi ile ni mtoto niliyeambiwa nimwache asogee hivyo hivyo, ameandika sentensi tisa. Ameona, amepanga, amefikiri, ametoa sababu, na sababu yenyewe ni sahihi. Watu wazima wangapi wanafanya hivyo? Nilivimba kichwa. Nikaibandika karatasi ukutani karibu na mlango, na Ijumaa, mkutano wa wazazi ulipofika, nikamwita Aikande asimame aisome.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri watashangilia.

Alisoma bila kidole. Alisoma kwa sauti ya kwaya, akitua kila penye nukta kama nilivyomfundisha. Alipofika "Sisi hatunywi, tunapeleka kituoni," akatua, akapumua, akaendelea. Wazazi waliokaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamewafika kidevuni, wakatazamana. Halafu Odilia akacheka. Hakucheka kwa nguvu, alicheka kwa pua tu, lakini kila mtu alimsikia. Mzee Ndelilio alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia magotini. Aliinuka, akaivaa, akanyoosha koti, akatoka. Aikande alibaki na karatasi mkononi akingoja tumpigie makofi.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika juu msituni na chini barabarani. Jumamosi asubuhi wanachama walimwaga madebe ya siku ile yote, ya kila mtu, kwa sababu yalikuwa yameshachanganywa kwenye tangi. Waliitisha kikao. Mzee Ndelilio aliwaambia mtoto amechanganya siku, bwana mifugo alikuja wiki iliyopita na siku nne zilishapita. Bwana mifugo alipopigiwa simu akasema yuko kwenye pikipiki, haisikiki. Wakaahirisha.

Jumatatu Aikande hakuja shule. Jumanne pia. Jumatano baada ya vipindi nikapanda kwenda kwao.

Bibi yake alikuwa anamenya ndizi za mtori barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kumenya. Aikande alikuwa bandani anakatakata majani kwa panga dogo. Aliniona, akanyanyua mkono nusu, akaushusha. Bibi akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, kwamba Jumapili mtoto anakwenda kwa mama yake kule chini kwenye mashamba ya miwa. Mama yake, Rachel, anafanya kazi ya zamu na ana mtoto mchanga asiye na wa kumshika. Nikauliza shule je. Akasema ataandikishwa huko nafasi ikipatikana.

Nafasi ikipatikana. Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu wa kutosha kujua maneno hayo yanazika watoto wangapi. Binti wa miaka minane anayeshuka kushika mtoto hushika huyo, halafu anayefuata, halafu wa jirani, na siku moja unakutana naye sokoni mjini Boma akiwa na wa kwake mgongoni. Na huyu ndiyo kwanza ana miezi miwili tangu aanze kusoma. Kusoma kwa miezi miwili hakujashika. Ni kama mche wa kahawa uliopandikizwa jana, ukiacha kuumwagilia wiki tatu umekufa.

Nikaomba kuonana na mzee. Akatoka ndani, nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, akanipa kigoda. Sitasema alikuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali, ningejua pa kumshika. Nilimwomba radhi kwa kusomesha karatasi ile mbele ya watu bila kumwita kwanza pembeni. Nilisema ni kosa langu, si la mtoto, na nilimaanisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna goti.

"Mama Denis," aliniita kwa jina la mwanangu, kama wanavyoniita kwenye ukoo, "mtoto wa miaka minane amenivua nguo mbele ya Odilia. Hilo haliombewi radhi kwa mdomo mtupu."

Nilijua anachosema. Sisi ni Walutheri, kila Jumapili tunaungama dhambi kwa pamoja na kusamehewa kabla ya tangazo la harambee. Lakini jambo likiwa zito kweli mtu haendi kwa mchungaji, anakwenda mpakani mwa kihamba, shamba lake la nyumbani, anakata jani la isale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa isale hakatai. Tangu mababu hakuna aliyekataa akabaki salama, au ndivyo tunavyoambiana. Anapokea, wanakunywa pamoja, na jambo linafungwa. Atakayelifukua ndiye mkosaji mpya.

Nikasema nitaleta isale. Nilisema haraka, kama mwenye furaha. Niliona nimepata njia: akipokea isale yangu hana tena sababu ya kumshusha mtoto. Nimeolewa huku miaka mingi na bado nilijidanganya kwamba isale ni kama kuomba radhi kwa barua. Nilisahau jambo ambalo mtoto wa huku anajua, kwamba mwenye kuleta isale lazima alitaje kosa lake mbele ya mashahidi, na kosa halitajwi na mkosaji anavyopenda. Linakubaliwa kwanza.

"Utasema chupa haikuwa safi," mzee alisema.

Nikamwambia chupa ilikuwa safi. Zote zilisuuzwa kwa maji ya sufuria moja, na Salvina ni shahidi. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyemaliza la pili bila kujua kusoma.

"Ukisema umekosea kumsomesha hadharani, maana yake alichosoma ni kweli. Hapo umeniongezea, hujanipunguzia. Sema chupa haikuoshwa vizuri, maziwa yakaharibika. Makosa ya darasani. Nani atamlaumu mwalimu kwa chupa? Na Aikande atabaki shule mpaka atakapochoka mwenyewe."

Nikamuuliza, na maziwa je. Akasema ng'ombe akitibiwa tena maziwa yatamwagwa, yeye si mjinga. Alisema hivyo akiangalia chini, na nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa ameshaelewa. Karatasi ya mtoto ilikuwa imefanya kazi yake yote. Kilichobaki ni kuikana.

Nilirudi shuleni nikamweleza Mwalimu Efraimu, nikitegemea angalau anikasirikie. Alifurahi. Alisema ni jambo dogo, tena la heri, funika kombe mwanaharamu apite, na kwamba kikundi cha maziwa ndicho kinachotupa maziwa ya uji wa watoto, tusisahau. Nikamkumbusha kwamba ni maziwa hayo hayo tunayoyazungumzia. Akatabasamu, akasema mimi huwa napenda sana maneno.

Usingizi wa siku tatu zile sikuupata. Nilijipigia hesabu kwa njia zote. Nikikataa, ukweli unabaki na Aikande anakwenda kubeba mtoto mgongoni. Atakuwa na ukweli wake na hataweza kuuandika. Nikikubali, ninamwokoa kwa uongo mdogo kuhusu chupa. Atasoma, atakua, siku moja atapata somo la baiolojia, atanielewa, atanisamehe. Hivyo ndivyo nilivyojibembeleza. Mwalimu hajambo kwa kujieleza.

Jumamosi saa nane nilikata isale mpakani mwa kihamba chetu, nikafunga fundo, nikaenda na mume wangu. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo kama mashahidi, na wanachama kadhaa wa kikundi, na Odilia alikuwepo, amekaa nyuma. Hilo lilipangwa, aliyecheka lazima asikie. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari kwenye ndoo.

Sikujua kwamba Aikande naye atakuwepo. Nilifikiri watamtuma kukata majani. Lakini bibi yake alikuwa amemvalisha gauni la Jumapili na kumkalisha kwenye mkeka, mbele kabisa, kwa sababu jambo lilikuwa linamhusu na mtoto lazima ajue limekwisha. Aliponiona akatabasamu. Alifikiri nimekuja kumtetea, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa.

Nikapiga magoti. Nikamkabidhi mzee isale kwa mikono miwili. Mmoja wa wazee akasema nitaje kosa.

"Chupa namba tatu haikuwa safi," nilisema. "Sikuisimamia vizuri kuoshwa. Maziwa ya mzee hayakuwa na neno. Nimemkosea yeye na nyumba yake, naomba msamaha."

Nilisema nikiangalia jani. Nilipoinua macho, Aikande alikuwa ananiangalia. Watoto hulia, hununa, hukimbia. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Aliangalia mikono yake mwenyewe, ile aliyooshea chupa, akaigeuza juu na chini, halafu akaiweka mapajani. Akaniangalia tena, mara hii kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeambiwa amsalimie.

Mzee Ndelilio akapokea isale. Akasema yameisha. Tukanywa kwenye kibuyu kimoja, tukapeana mikono, na bibi akaleta mtori wenye nyama nyingi. Odilia alikula bila kucheka. Mzee mmoja akamwambia Aikande amshukuru mwalimu wake kwa kukubali kosa, kwani ni wachache wakubwa wanaokubali makosa. Akaja, akainama kidogo, akasema ahsante Mwalimu. Nilimshika kichwa. Ningetaka kumwambia kitu sikioni lakini watu walikuwa wanatuangalia, na isale ilikuwa imeshapokelewa.

Jumatatu alirudi shule. Ndicho nilichokitaka, nami nilikipata. Ukutani, mahali pa karatasi yake, Mwalimu Efraimu alikuwa ameshabandika picha ya mboga na matunda.

Nilimvizia siku ile ile wakati wa mapumziko, nikampeleka nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia kwamba mimi na yeye tunajua chupa ilikuwa safi, na nilichosema pale nyumbani nilikisema ili asipelekwe kwenye miwa. Alinisikiliza kwa adabu. Akaitikia ndiyo Mwalimu. Nikamuuliza kama ameelewa, akaitikia ndiyo Mwalimu. Nikamwambia kile alichoandika kilikuwa sahihi, kila neno. Ndiyo Mwalimu. Kengele ikalia, akaomba ruhusa, akaenda.

Daftari lake la ng'ombe liliendelea mpaka mwisho wa muhula. Ng'ombe ni mzima. Ng'ombe anakula majani. Ng'ombe anatupa maziwa mazuri. Tahajia safi, nukta mahali pake. Nilikuwa nikilifungua nikitafuta chuchu iliyovimba, ndoo iliyopinduka, inzi, chochote. Sikupata hata inzi.

Muhula uliofuata walikuja wathibiti ubora, wale tuliokuwa tukiwaita wakaguzi. Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, na walikuwa na fomu yenye kisanduku cha kuweka alama kama mwalimu anachanganya sayansi na kusoma na kuandika. Mwalimu Efraimu akawaleta kwangu moja kwa moja. Ghafla nilikuwa fahari ya shule. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumepanda maharage kwenye makopo, kila mtoto lake, na siku ile walitakiwa kuandika walichokiona na kukisoma.

Maharage yale, kwa taarifa yako, hayakuota. Nilikuwa nimeyachukua stoo ya shule, na yalikuwa yametiwa dawa ya wadudu na kukaa sijui miaka mingapi. Makopo manne tu kati ya thelathini na nane ndiyo yaliyokuwa na kitu. Mimi sikujali, niliona ni somo zuri hivyo hivyo: kwa nini haikuota ni swali zuri kuliko imeota. Watoto wengi waliandika mbegu yangu haijaota, na mmoja akaandika ameifukua ameikuta ina harufu.

Yule mama wa uthibiti ubora akaomba mtoto mmoja asome, na Mwalimu Efraimu akamnyooshea Aikande kidole kabla sijafungua mdomo. Aikande akasimama. Mgongo umenyooka, daftari limeshikwa kwa mikono miwili.

Akasoma: "Mbegu yangu imeota. Ina majani mawili ya kijani. Mizizi imekwenda chini kutafuta maji. Mmea unahitaji hewa, maji na mwanga. Nimefurahi kuona mmea wangu unakua."

Hakukwama popote. Wale wawili wakapiga makofi, darasa likafuata. Yule mwanamume akasema watoto wa namna hii ndio taifa linaowahitaji, akaweka alama kwenye fomu yake. Kopo la Aikande lilikuwa dirishani nyuma yake, jina limeandikwa kwa kalamu nyeusi, lina udongo mkavu na hakuna kingine. Hakuna aliyegeuka kuliangalia.

Walipoondoka nikamwita mezani. Niliweka kopo lake kati yetu. Nikamuuliza, polepole, bila ukali, mbona ameandika imeota.

Akaangalia kopo, akaniangalia mimi. Hakuona haya. Alikuwa ananieleza jambo ambalo alidhani tulishakubaliana.

"Najua haijaota, Mwalimu," alisema. "Nimeandika hivyo isije ikaleta maneno."

Nililisoma tena daftari lile. Hakukuwa na kosa hata moja la kusahihisha. Alikuwa amesimama ananingoja, kama wanavyongoja wote, aone nitaandika nini. Nikachukua kalamu nyekundu, nikamwekea alama ya vema, na yeye akasema ahsante, akarudi kukaa mahali pake.